Afya Yako Iko Mkononi mwa Nani?

SOMO LA JUMA HILI
Maandiko ya kusoma: Mathayo 25:14-30; 2 Wafalme 20:1-7; Luka 17:11-19
Na Mchungaji Msaidizi



Jumapili iliyopita nilihubiri somo hili nikiwa na uoga kidogo, na baada ya ibada wengi wenu mliomba liandikwe. Nitaliandika vile nilivyolihubiri, na nitaanza pale pale nilipoanzia, yaani kwa kukiri kosa langu.

Miaka miwili iliyopita, kwenye kesha ya Ijumaa, mama mmoja wa hapa kanisani alikuja mbele kuombewa. Alikuwa amekaa na presha miaka sita, na dawa zilikuwa zimemchosha. Nilimwekea mikono. Usiku huo nilikuwa na moto, na nikatamka kwa sauti kubwa kwamba kuanzia saa hiyo presha haina nafasi tena katika mwili wake. Kanisa likalipuka kwa shangwe. Yule mama akaenda nyumbani akiimba, na asubuhi yake akatia dawa zake kwenye droo.

Hakuniuliza, na mimi sikumuuliza. Kwa wiki kadhaa alijisikia vizuri kabisa, na hapo ndipo hatari ilipo, maana presha haiumi. Mwezi wa tatu, akiwa jikoni anapika chai, mkono wa kulia ulilegea, kikombe kikaanguka, na maneno yakakataa kutoka. Ilikuwa ni kiharusi.

Nilimpata kijana wake kwenye korido ya hospitali. Aliniuliza swali moja tu, na wala hakuwa na hasira: "Pasta, ni wewe ulimwambia aache dawa?" Nikajibu, "Hapana." Na ilikuwa kweli, sikumwambia. Lakini usiku huo sikupata usingizi, kwa sababu nilijua pia kwamba sikumwambia aendelee. Nilimwachia shangwe, nikamnyima maelezo.

Mama huyo yuko hai, tunamshukuru Mungu. Anatembea na fimbo na huketi safu ya tatu. Nilipomwomba ruhusa ya kusimulia haya alisema, "Sema yote, Pasta. Wengine wasipitie nilipopitia."

JAMBO NILILOSOMA CHUONI NIKALISAHAU

Wengi mnajua kwamba kabla sijaingia katika huduma nilisomea biashara. Kuna somo moja linalohusu tabia za watu kazini, na humo tulifundishwa habari za mwanasaikolojia Mmarekani, Julian Rotter. Mwaka 1966 alichapisha kazi yake juu ya swali hili: mtu anaamini usukani wa maisha yake uko wapi? Wako wanaoamini uko ndani, kwamba wakijitahidi mambo yatabadilika. Wako wanaoamini uko nje, kwamba ni bahati, ni wakubwa, au ni mambo ya ukoo. Sisi tulilisoma kwa ajili ya mtihani, nikapita, nikasahau.

Baada ya lile swali la kwenye korido nilirudi kusoma. Kumbe watafiti wawili wa huko huko Marekani, Kenneth Wallston na Barbara Wallston, walilileta swali hilo kwenye mambo ya afya. Mwaka 1978, wakiwa na mwenzao, walitoa kipimo chenye sehemu tatu: afya yangu iko mkononi mwangu, afya yangu iko mkononi mwa watu wenye uwezo kama madaktari, afya yangu ni bahati tu. Mwaka 1999 Kenneth Wallston na wenzake wakaongeza sehemu ya nne: afya yangu iko mkononi mwa Mungu. Nilipofika hapo niliketi vizuri kwenye kiti.

Utafiti umeonyesha nini? Kwa jumla, mtu anayeamini kwamba ana sehemu yake katika afya yake huelekea zaidi kufanya mazoezi, kuangalia anachokula na kujipima. Anayeamini ni bahati huelekea kulegea. Lakini nisitie chumvi. Tofauti hiyo si kubwa sana, na Wallston mwenyewe alisisitiza kwamba imani hiyo peke yake haitoshi. Lazima mtu aithamini afya yake, na pia aamini kwamba ile hatua iliyo mbele yake anaiweza. Hilo la "naweza" ndilo Albert Bandura aliloandika mwaka 1977, na tutalirudia tukifika kwenye mambo ya kufanya.

Sasa, hawa si wahubiri. Lakini wamegusa jambo ambalo Yesu alikuwa amelifundisha zamani.

MTUMWA WA TATU

Fungua Mathayo 25. Hadithi ya talanta sote tunaijua: mmoja alipewa tano, mmoja mbili, mmoja moja. Tumezoea kusema kwamba huyu wa tatu alikuwa mvivu, na bwana wake mwenyewe alimwita hivyo. Lakini hebu soma mstari wa 24 na 25 polepole. Kabla hajasema alichofanya, anasema kwanza alivyomwona bwana wake: mtu mgumu, anayevuna mahali asipopanda. Kwa hiyo akaogopa, akaenda akaizika. Umeona mpango huo? Shimo lilichimbwa na jembe, lakini kilicholishika jembe ni kile alichoamini juu ya bwana wake.

Angalia jambo lingine. Watumwa wote watatu waliamini kwamba mali ni ya bwana. Hakuna aliyedai ni yake. Kwa hiyo kusema "Mungu ndiye mwenye uhai wangu" bado hakujakutenganisha na yule aliyezika. Tofauti ilikuwa kwamba wale wawili waliamini mwenye mali amewapa kazi, na huyu mmoja akaamini mwenye mali hahitaji mkono wake.

Kwa lugha ya biashara, meneja si mwenye kampuni. Hawezi kuiuza, hawezi kuirithisha watoto wake, na siku yoyote anaweza kuambiwa aondoke. Lakini mkaguzi wa hesabu akija, meneja hawezi kumwambia, "Mimi niliacha kila kitu kwa mwenyewe." Mwenyewe ndiye aliyemwajiri! Mwili wako una mwenyewe, na mwenyewe ni Mungu, 1 Wakorintho 6:19 na 20. Wewe umewekwa uwakili. Wakili hajioni bosi, na pia hasimami kando kama mtazamaji.

VITI VINNE TUNAVYOKALIA

Kiti cha kwanza: "Siku ikifika imefika."
Hiki ni cha wazee wetu, na wengi wetu tumekirithi. Baba alikufa na presha, babu alikufa na presha, basi na mimi ni hivyo. Kiswahili chenyewe kina methali zinazovutana: mmoja atakuambia ajali haina kinga, mwingine atakuambia kinga ni bora kuliko tiba. Ukikaa kwenye kiti hiki utachagua ile ya kwanza kila siku, na hutaona haja ya kupimwa. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima hapa Kenya wana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa presha maishani. Ndugu, huwezi kusema siku imefika wakati hata kalenda hujaangalia. Ni kweli mambo ya ukoo yapo, hakuna anayekataa. Lakini ukijua ukoo wenu una presha, hiyo ni sababu ya kwenda kupimwa mapema kuliko jirani yako. Isiwe sababu ya kukata tamaa.

Kiti cha pili: "Daktari ndiye anajua," au "Pasta ndiye anajua."
Kiti hiki kina uzuri wake. Mwenye kukaa hapa hushika tarehe za kliniki na hupokea ushauri. Ubaya wake ni kwamba anaacha kuuliza. Anameza dawa bila kujua ni ya nini, zikimletea kizunguzungu anaziacha kimya kimya, na daktari akimuuliza anajibu "niko sawa." Kwetu sisi wachungaji kiti hiki ni hatari zaidi, kwa sababu neno letu moja la kesha linaweza kuwa na uzito kuliko miaka sita ya kliniki. Nimejifunza hilo kwa uchungu. Wachungaji wenzangu mnaosoma hapa, tafadhali tupime maneno yetu.

Kiti cha tatu: "Ni mimi mwenyewe."
Hiki kilikuwa changu. Kila siku saa kumi na moja na nusu asubuhi nilikuwa barabarani nakimbia, mwembamba, sinywi soda, na nisiwafiche, moyoni nilikuwa nawahukumu wenye vitambi. Nilikuwa nasema magonjwa haya ni ya watu wasiojitawala. Mwaka jana tukawa na siku ya afya hapa kanisani, na mhudumu wa afya wa jamii, mmoja wa wale serikali iliwapa mikoba ya vifaa mwaka 2023, akanifunga mashine mkononi mbele ya vijana wangu. Ikasoma 148 kwa 96. Nikamwambia arudie. Akarudia. Kipimo cha siku moja hakitoshi, kwa hiyo nilienda kliniki siku nyingine tatu tofauti, na majibu yakawa yale yale. Mimi pia niko kwa dawa sasa, kidonge kimoja kila asubuhi.

Kukimbia hakukuwa kazi bure. Daktari aliniambia niendelee. Lakini niligundua kwamba mtu anayeamini kila kitu kiko mkononi mwake, ugonjwa ukimpata hana mahali pa kuuweka isipokuwa aibu. Na ukimpata mwingine, anamlaumu. Ndivyo wanafunzi walivyofanya katika Yohana 9, walipomwona kipofu wakauliza nani alikosa, yeye au wazazi wake. Yesu akakataa swali lenyewe. Tukumbuke pia kwamba kuna mama hapa anayesimama kazini saa kumi na mbili, anafika nyumbani usiku, na anapika kile anachoweza kununua. Kumwambia "ni uamuzi wako tu" ni kumwongezea mzigo. Ana sehemu yake, ndiyo. Lakini na sisi tuna sehemu yetu kwake.

Kiti cha nne: "Ni Mungu."
Hapa ndipo tunapokaa wengi wetu Jumapili, na ndipo panapofaa. Lakini kiti hiki kina namna mbili za kukikalia. Unaweza kukikalia kama mtumwa wa tatu: Mungu ni mwenye yote, basi mimi sina kazi. Au unaweza kukikalia kama Nehemia, ambaye katika sura ya 4 mstari wa 9 aliomba kwa Mungu na akaweka walinzi mchana na usiku. Hakuona kwamba walinzi wanamtukana Mungu. Maneno ni yale yale, "Mungu ndiye," lakini Jumatatu asubuhi mmoja ameenda kliniki na mwingine amefungia dawa kwenye droo.

HEZEKIA NA MKATE WA TINI

Mtu atasema, "Pasta, sasa umeanza kupunguza imani." Hapana. Mimi naamini Mungu huponya, nimeona akiponya, na Ijumaa hii nitaomba tena na wagonjwa. Lakini twende 2 Wafalme 20.

Hezekia aliugua karibu kufa. Akageukia ukutani, akaomba, akalia. Mungu akasikia, akamtuma Isaya na ahadi iliyo wazi: atamponya, na atamwongezea miaka 15. Ahadi gani kubwa kuliko hiyo? Na bado, mstari wa 7, Isaya yule yule aliyeleta neno la Mungu akaagiza waandae mkate wa tini, wauweke juu ya jipu. Hezekia hakusema, "Nabii, mbona unatia shaka neno lako mwenyewe?" Aliipokea ahadi na akapakwa tini.

Wengine wataniletea mfalme Asa, 2 Nyakati 16:12, aliyeugua miguu akawatafuta waganga. Soma vizuri. Kosa la Asa ni kwamba hakumtafuta Bwana. Mapema katika sura hiyo hiyo alikuwa amemtegemea mfalme wa Shamu badala ya Mungu, kwa hiyo tayari ilikuwa desturi yake kumweka Mungu kando. Kumtafuta Mungu na kwenda hospitali si barabara mbili zinazoachana.

Na wale wakoma kumi wa Luka 17? Yesu aliwaambia nini? Waende wakajionyeshe kwa makuhani. Kwa sheria ya Walawi 14, kuhani ndiye aliyekuwa na kazi ya kuchunguza na kutangaza kwamba mtu ametakasika. Yesu, ambaye alijua kabisa kwamba amewaponya, hakuogopa uchunguzi. Kwa nini sisi tuuogope? Ukiombewa presha, rudi upimwe. Kama Mungu ameiondoa, mashine itasema, daktari ndiye atakayepunguza dawa, na ushuhuda wako utakuwa na nguvu mara mbili. Tumekubaliana na wazee wa kanisa kwamba kuanzia sasa kila anayeombewa ugonjwa kwenye kesha ataambiwa pale pale: endelea na dawa mpaka daktari akuambie.

MAMBO YA KUFANYA JUMA HILI

Nilisema tutarudi kwenye "naweza." Mtu hapati kuamini kwamba anaweza kwa kusikiliza mahubiri. Anaamini baada ya kufanya jambo dogo likawezekana. Kwa hiyo usianze na makubwa.

1. Pimwa. Kliniki, kituo cha afya, au mhudumu wa afya wa mtaa wako. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, usiogope na usipuuze. Rudi ipimwe siku nyingine, kisha uonane na daktari. Andika namba zako nyuma ya Biblia kama unataka, ili uzijue.

2. Kama una dawa, iweke karibu na jambo ambalo tayari unalifanya kila siku. Mama wa safu ya tatu anaweka zake juu ya Biblia yake. Hawezi kufungua neno la asubuhi bila kuziondoa. Zikikusumbua, mwambie daktari abadilishe, kwa maana dawa za presha ni za aina nyingi. Usiache peke yako.

3. Chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Hiyo ni pamoja na iliyo kwenye mkate, kwenye viungo vya pakiti na kwenye soseji. Anza na hili tu: ondoa kichupa cha chumvi mezani. Sukuma wiki ina ladha yake ikipewa nafasi. Weka vitunguu, dania na ndimu.

4. Tembea. Shirika hilo hilo linasema angalau dakika 150 kwa wiki. Ukigawa ni nusu saa, siku tano. Shuka matatu steji moja kabla ya yako. Kama huwezi nusu saa, anza na dakika kumi. Na mkitembea wawili wawili mnaweza kuomba njiani.

5. Beba mwenzako. Kila ushirika wa nyumbani uulize: nani hapa amekosa pesa za dawa mwezi huu? Nani anahitaji mtu wa kumsindikiza kliniki? Tusimhubirie mtu kujitunza halafu tumwache peke yake na gharama.

Wiki iliyopita nilimtembelea yule mama. Nilimkuta na glasi ya maji mkononi na kidonge kwenye kiganja, macho amefunga. Nilingoja. Alipomaliza nikamuuliza alikuwa akiombea nini. Akaniambia, "Naombea dawa, Pasta. Kesha ile nilidhani lazima nichague, ama Mungu ama dawa. Hakuna mtu aliniambia sihitaji kuchagua."

Alisema hakuna mtu. Mtu huyo alikuwa ni mimi. Sasa nawaambia.

TUOMBE

Baba, uhai wetu ni wako. Tusamehe pale tulipozika ulichotupa tukaita imani, na pale tulipojivuna tukasahau aliyetupa. Ponya wagonjwa wetu. Tupe ujasiri wa kupimwa, bidii ya kuendelea, na moyo wa kubebana. Katika jina la Yesu. Amina.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Kati ya viti vinne, wewe umekuwa ukikalia kipi? Kimekufanya ufanye nini, au usifanye nini?
2. Mtumwa wa tatu aliamini nini juu ya bwana wake? Wewe unaamini Mungu amekupa kazi gani kuhusu mwili wako?
3. Kwa nini Isaya aliagiza tini baada ya Mungu kuahidi uponyaji?
4. Ni jambo gani moja dogo utakaloanza kabla ya Jumapili, na nani atakuuliza kama umelifanya?